Uchambuzi wa kisa: bakapu ilikuwa salama kwenye droo, tukaichomeka wenyewe

Hiki kisa cha kirusi cha kompyuta kilichofunga mafaili ya duka nimekiombea ruhusa kwa mwenye mali, akasema andika tu ila duka langu usilitaje, basi silitaji, mtaa sitaji, na vitu viwili vitatu nimevipindisha ili hata jirani yake asimjue. Tuite Duka. Mwenyewe tumwite Mzee maana ndivyo tunavyomwita siku zote, mhasibu ni Dada wa Hesabu, na anayeuza mbele ni Kijana wa Kaunta. Sisi ni vijana watatu wa IT hapa Mtwara mjini, tunahudumia biashara ndogo kwa mkataba wa mwezi, na nasema mapema kabisa kwamba humu makosa mengi ni yetu, kwa hiyo kama umekuja kusoma jinsi mteja alivyofanya ujinga utachoka njiani.

## Hali ya duka kabla ya tukio

Duka linauza vifaa vya ujenzi: mabati, saruji, nondo, rangi, misumari. Anayeijua Mtwara anajua hii biashara inaenda na korosho. Minada ikianza Oktoba mkulima wa Tandahimba au Nanyamba anapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unaenda ghala kuu kwa stakabadhi, unauzwa mnadani, halafu anakaa kusubiri hela iingie benki. Sasa mvua ya Desemba haimsubiri, nyumba haijaezekwa, kwa hiyo anakuja kwa Mzee anachukua bati 20 au 30 za mkopo, anaacha kopi ya kitambulisho na namba ya simu, anasema "Mzee nikilipwa tu naleta". Na kweli wengi wanaleta. Ila ina maana kuanzia Oktoba mpaka Januari hela ya Mzee haipo dukani, ipo kwenye mapaa ya watu, na kitu pekee kinachosema ipo kwa nani ni faili moja la Excel la wadeni.

Kompyuta zilikuwa tatu. Ya kaunta ina programu ya mauzo. Ya hesabu ndo tulikuwa tunaitumia kama sava, ina folda moja kubwa ambayo mashine zote zinaiona kama drevu Z, humo kuna database ya mauzo, faili la wadeni, mikataba ya mikopo iliyoskaniwa, ankara za mawakala, mishahara. Ya tatu laptopu ya Mzee, anaangalizia mpira.

Mkataba wetu ulikuwa kurasa mbili: antivairasi, apdeti, printa zikigoma, na bakapu ya kila Ijumaa, yaani nakala ya akiba ya mafaili. Bakapu ni skripti, programu ndogo inayojiendesha, inayoamka saa 11 jioni, inaifunga folda yote ya Z kuwa zipu moja (faili moja lililobanwa), inaiweka kwenye diski ya nje. Dada wa Hesabu anaichomeka Ijumaa mchana kwenye mashine yake, Jumamosi asubuhi anaichomoa na kuifungia droo. Zinabaki zipu nne za mwisho, ya zamani inajifuta. Ikimaliza inatutumia meseji, "bakapu imekamilika". Meseji haikuwahi kukosa hata Ijumaa moja, na kuna mteja mwingine tulikuwa tunamtafuta tukamwonyesha zile meseji kama ushahidi wa kazi nzuri.

## Kilichotokea

Ilikuwa katikati ya Novemba 2022. Kuna mkandarasi alitaka proforma, karatasi ya bei kabla ya kununua, na fomu ya proforma ya Duka ni PDF iliyotengenezwa steshenari miaka hiyo, huwezi kubadilisha neno. Kijana wa Kaunta alikuwa ameshatuomba programu ya kuhariri PDF wiki tatu nyuma, kwenye WhatsApp, na mimi mwenyewe nilimjibu "poa, tunalifanyia kazi". Hatukulifanyia kazi. Msimu ndo ulikuwa umepamba moto, mwenzetu mmoja yuko Newala anahangaika na printa za AMCOS, mwingine Masasi, na mtu wa PDF ukimweka kwenye mizani na watu waliosimama foleni ghalani unaona anaweza kusubiri.

Alhamisi saa 9 alasiri akachoka kusubiri. Akatafuta mtandaoni, akapata programu iliyovunjwa leseni, imefungwa kwenye zipu yenye paswadi, na maelekezo yake yanasema zima antivairasi kwanza. Ile paswadi kwenye zipu haiwekwi kwa bahati mbaya, inawekwa ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Aliweza kuizima kwa sababu akaunti yake ilikuwa na haki zote za mashine, na hizo haki tulimpa sisi mwezi wa 9 ili ainstoli printa tukimwelekeza kwa simu, tukasema kesho tutazirudisha. Akafungua, hakikuja kitu. Akafungua tena. Kikaja kidirisha cha Windows kinasema apdeti inaendelea, asilimia zinapanda taratibu, akaona ah bora ijimalizie, akafunga duka akaondoka na mashine inawaka. Kile kidirisha kilikuwa feki. Kilikuwa kinampa kirusi muda wa kufanya kazi yake bila mtu kuuliza mbona mashine nzito.

Ijumaa saa 2 asubuhi akaja mama mmoja kulipa deni, hela mkononi. Dada wa Hesabu anafungua faili la wadeni, haifunguki. Anaangalia vizuri, kila faili limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina na ile alama ya kijani ya Excel haipo, imebaki karatasi nyeupe. Hakupaniki. Alikumbuka bakapu ipo, akaenda droo, akatoa diski, na kwa kuwa mteja amesimama kaunta akaichomeka hapo hapo kwenye mashine ya kaunta. Akaziona zipu zake nne, majina yako sawa. Akasema alhamdulillah, akatoka nje kunipigia kwa sababu ndani mtandao wa simu hausomi vizuri.

Nikamwambia chomoa waya wa intaneti kwenye mashine zote, usizime, na usichomeke kitu chochote. Akanyamaza. "Kaka, nimeshachomeka."

Kurudi ndani zipu zote nne zina herufi nne mwishoni.

Nilichukua bodaboda nikafika saa 3 kasoro. Kila folda ina faili linaitwa _readme.txt, barua ya Kiingereza kibovu inayosema mafaili yako yote tumeyafunga, ufunguo ni dola 980, ukituandikia ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu, dola 490, na kama huamini tutumie faili moja tutakufungulia bure ila lisiwe na taarifa za maana. Huyo ni STOP/Djvu, kirusi cha kufunga mafaili kilichosumbua sana watu wa kawaida na maduka madogo kwa sababu njia yake kuu ya kuingia ni hizi programu za kuvunja leseni. Nikajaribu kufungua tovuti za kampuni za usalama kwenye ile mashine kwa kutumia simu yangu kama intaneti, hazifunguki, nikailaumu bando yangu robo saa nzima, kumbe kirusi kinahariri faili la hosts, lile linaloielekeza Windows tovuti iko wapi, ili usiweze kufika huko. Tovuti nyingine zote zinafunguka vizuri tu. (Na ndiyo, nimetoka kumwambia mwenzangu chomoa intaneti halafu nikaiunganisha mwenyewe. Usifanye hivyo, zifungue tovuti kwenye simu yenyewe.)

Kwenye orodha ya kazi za Windows zinazojiendesha kulikuwa na moja inaitwa Time Trigger Task, kila dakika tano inaamsha kirusi upya kitafute kipya cha kufunga. Dada wa Hesabu alichomeka diski, ndani ya dakika tano zamu ikafika.

## Maamuzi, na kwa nini

Cha kwanza Mzee alitaka kulipa. Na mimi sikumcheka, maana piga hesabu mwenyewe: dola 490 wakati ule ilikuwa kama milioni moja na laki moja na kitu, na kwenye lile faili la wadeni kulikuwa na hela ambayo ukiitaja mbele ya watu unatafuta matatizo. Kwa hesabu za duka kulipa ni bei ya kutupa. Alisema, "Mwanangu, mimi natozwa zaidi ya hiyo kwenye saruji ikilowa." Tulichomwambia ni kwamba tumpe mpaka Jumamosi jioni, saa 72 hazijaisha, tuangalie kwanza nini kimepona, akitaka kulipa baada ya hapo ni hela yake na duka lake. Kulipa kwenyewe kunatakiwa sarafu za mtandaoni, Mzee hana, ingebidi atafute wakala asiyemjua amwamini na milioni, hapo kuna wizi wa pili unamsubiri. Alikubali ila akauliza, hilo faili moja la bure si tuwatumie la wadeni? Nikamsomea tena, lisiwe na taarifa za maana. Akasema hawa watu siyo wajinga.

Cha pili, kabla hatujagusa kitu tulinakili diski yote kama ilivyo kwenda diski nyingine mpya, na ya kwanza tukaiweka pembeni. Hili tulilifanya sawasawa na lilituokoa, maana majaribio yetu mawili ya mwanzo yaliharibu nakala.

Cha tatu ni ufunguo. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua Djvu Oktoba 2019, lakini kwa matoleo mapya inafanya kazi pale tu ambapo kirusi kilishindwa kufika kwenye sava yake kikatumia ufunguo wa akiba, ambao ni mmoja kwa watu wengi. Unautambua kwa namba ya utambulisho iliyo kwenye barua, ikiishia na t1 una matumaini. Yetu haikuishia na t1. Siku hiyo intaneti ya Duka ilikuwa nzuri kuliko kawaida, ndo maisha.

Cha nne Mzee alitaka kumfukuza Kijana wa Kaunta palepale. Tukamtetea, siyo kwa huruma. Yule kijana nilipomuuliza jana ulifungua nini, alinijibu ndani ya dakika moja, akanionyesha na zipu yenyewe kwenye Downloads. Angekana tungepoteza siku nzima tunakisia kimepita wapi. Na meseji yake ya wiki tatu nyuma ilikuwa kwenye simu yangu, na jibu langu chini yake, ningemfukuzishaje?

Cha tano hatukukiamua, na hapo tulikosea. Djvu mara nyingi haiji peke yake, inakuja na kirusi kingine kinachokomba paswadi zote zilizohifadhiwa kwenye brauza. Nilikuwa najua. Ila akili yote ilikuwa kwenye mafaili, paswadi tukasema tutabadilisha tukimaliza. Tulizibadilisha Jumapili.

## Matokeo

Kilichotusaidia zaidi ni uvivu wa kirusi chenyewe. Ili kiende haraka hakifungi faili lote, kinafunga kama kilobaiti 150 za mwanzo tu kisha kinarukia lingine. Faili dogo limekwisha, lile la wadeni lilikuwa kilobaiti 90, hakukuwa na cha kuokoa. Lakini zipu ya giga 6 ukiifunga kilobaiti 150 za mwanzo, umeharibu kitu kidogo sana, na orodha ya vilivyomo ndani ya zipu inakaa mwishoni mwa faili, siyo mwanzoni. Tukafuta zile herufi nne kwenye jina la nakala, tukaifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia zipu, ikalalamika ila ikaonyesha mafolda yote. Tukatoa kila kitu. Lililokufa ni faili la kwanza tu kwenye foleni, katalogi ya rangi, na Mzee anayo ya karatasi ukutani.

Tukashangilia, Dada wa Hesabu akatuletea juisi ya ukwaju. Halafu nikatafuta database ya mauzo kwenye zipu, haimo. Nikafungua ya wiki iliyotangulia, haimo. Zote nne haimo.

Ilichukua muda kuelewa. Tulipoweka skripti Duka lilikuwa linafungwa saa 10 jioni, saa 11 hakuna mtu. Msimu ulipoanza wakaongeza muda mpaka saa 1 usiku, kwa hiyo saa 11 programu ya mauzo iko wazi, database imeshikiliwa, programu ya zipu inajaribu kuisoma inakataliwa, inaandika onyo inairuka inaendelea. Na skripti yetu ilikuwa inaangalia kitu kimoja tu, je zipu ipo? Ipo. Tuma meseji. Zipu nne za nyuma zilirudi mpaka wiki ya tatu ya Oktoba, na muda ulibadilishwa wiki ya pili. Nakala nzuri ya mwisho ilikuwa imeshajifuta, tuliikosa kwa kama wiki moja tu.

Mauzo yakajengwa upya kwa ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na vitabu vya kutolea mzigo, na stoo ikahesabiwa kwa mkono siku mbili, Jumamosi na Jumapili, duka limefungwa, msimu, watu wanagonga mlango. Nilihesabu mabati mimi mwenyewe. Geji 30 na geji 28 zikikaa pamoja gizani huwezi kuzitofautisha kwa macho, unapapasa ukingo.

Faili la wadeni lililo jipya kuliko lile la Ijumaa kwenye zipu likapatikana sehemu ambayo hakuna aliyeipanga. Dada wa Hesabu, kila Jumamosi akifunga hesabu, humtumia Mzee lile faili WhatsApp. Mzee hajawahi kufungua hata moja. Tulivyoingia kwenye simu yake yote yamepangana, na mshale wa kudaunlodi bado upo juu ya kila moja. La Jumamosi iliyopita likashuka bila shida, likafunguka. Yaani mfumo wetu wa bakapu wa mkataba na diski na skripti ulishindwa na tabia ya dada mmoja anayependa kumwonyesha bosi kwamba kazi imeisha.

Mzee hakulipa. Mashine zote tatu zilifutwa zikawekwa Windows upya. Jumamosi usiku akaunti ya Facebook ya Kijana wa Kaunta ikaanza kuwaandikia jamaa zake imekwama Dar inaomba laki, na shangazi yake alituma. Hiyo laki ni ya zile paswadi tulizoahirisha. Imeibiwa kwenye simu ya mtu ambaye hata hajui Duka lina kompyuta.

## Tulichojifunza humo

Watu wakisikia hiki kisa wanasema kosa ni kijana kudaunlodi kraki, ile programu iliyovunjwa leseni. Ni kosa, sawa. Ila ukilifuata nyuma unakuta kijana ana kazi, ana mteja, ameomba kifaa kwa njia sahihi kwa watu wanaolipwa kumpa, hakupewa. Mfanyakazi ukimnyima njia ya halali anatafuta yake, na mtandaoni njia yake iko ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo kwangu kosa namba moja ni lile "poa, tunalifanyia kazi". Programu aliyohitaji ipo ya bure na halali, kuiinstoli tulikuja kutumia dakika nne.

La pili ni meseji ya bakapu. Tulikuwa tunapima kama kazi imefanyika, hatupimi kama kuna kitu cha kurudisha. Hatukuwahi hata siku moja kufungua zipu na kutoa faili. Miezi 14 ya mkataba. Sioni pa kujitetea hapa.

La tatu, Dada wa Hesabu alifanya kila tulichomfundisha. Diski inachomolewa, inafungiwa droo, safi kabisa. Hatukumfundisha siku mambo yakiharibika afanye nini, na siku mambo yakiharibika mtu mwenye akili atakimbilia bakapu, ndo kazi yake. Sentensi moja iliyobandikwa juu ya diski ingetosha. Sasa ipo, tumeiandika kwa makapeni: USICHOMEKE KABLA HUJAPIGA SIMU.

Mkataba nao ulikuwa na neno "bakapu" bila kusema ya nini, nani anaikagua, na ikishindwa nani anabeba. Mzee hakutudai kitu, ila angetaka angetudai na sijui tungejibu nini. Wa sasa umeandikwa vitu kwa majina, database hii, faili hili, na muda wa kujibu maombi. Bei imepanda, na Mzee ameilalamikia kila mwezi mpaka leo, na analipa.

Kuna na suala la zile kopi za vitambulisho. Mikataba ya mikopo ina majina, namba na simu za mamia ya watu, ilikuwa wazi kwenye Z, hata mashine ya kaunta inaisoma. Hatukuona dalili kwamba ilichukuliwa, Djvu yenyewe inafunga haibebi, ila kile kirusi chenzake kingeweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, miezi michache baada ya hapa, na sasa biashara inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wateja wetu wengi wa Mtwara na Lindi ukiwaambia wanadhani hiyo ni ya mabenki. Mwenye daftari la mkopo lenye kopi za NIDA yumo.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Hakuna mfanyakazi mwenye haki zote za mashine. Diski ni mbili zinapokezana, moja inalala nyumbani kwa Mzee. Database inatolewa nakala kwa njia ya programu yenyewe siyo kwa kuizipu ikiwa wazi, na hiyo pamoja na faili la wadeni vinapanda mtandaoni usiku, ni mega 300 tu, bando inatosha. Jumatatu ya kwanza ya mwezi Dada wa Hesabu anachagua faili lolote analotaka yeye, sisi tunalirudisha mbele yake. Anapenda kuchagua la ajabu ajabu.

## Yale ya Jumamosi mpaka Alhamisi

Faili la WhatsApp liliishia Jumamosi, kwa hiyo mikopo na malipo ya siku tano yalikuwa hayapo popote. Tulikaa na vitabu vya kutolea mzigo, vikatupa watu 11 waliochukua mabati siku hizo. Waliolipa ndo shida, risiti wanazo wao. Dada wa Hesabu aliwapigia wadeni mmoja mmoja, hakuwaambia kompyuta imekufa, aliwauliza tu "baba, nikumbushe salio lako". Karibu wote walitaja namba inayoingia akilini, wawili walitaja deni kubwa kuliko tulivyodhani.

Mmoja alisema ameshamaliza, Jumatano, alimpa Kijana wa Kaunta mkononi. Kijana hakumbuki. Risiti hana, anasema ililowa. Bati 18. Mzee alimwangalia, akasema haya, nenda. Msimu uliofuata yule bwana alirudi, akanunua bati nyingine 12 za kumalizia baraza, akalipa keshi mezani akahesabu mara mbili, akaomba aandikiwe risiti na akaipiga picha kwa simu kabla ya kuikunja. Zile 18 hakuna aliyezitaja.